Risiti ya Kuni Busta

Ndegwa alikuwa katikati ya kuoga wakati kuni busta ilipolipuka. Mlango wa chuma wa tanuri uling'oka, ukapita juu ya kuku wa mamake, ukagonga ukuta wa bafu na kuutoboa tundu la upana wa sufuria ya ugali. Majivu, makaa na maji ya moto yakamwagika uchochoroni. Kisha Ndegwa akachomoka nje, povu kichwani, taulo mkononi badala ya kiunoni, akipiga kelele, "Mmeniua! Mmeniua!"

Wariara, mke wa mdogo wake, alikuwa ndiyo kwanza anapita na mkebe wa maziwa. Akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kama chafya. Shemeji yake, mzee wa kanisa, mwenye nyumba ya mawe na lori la viazi, alikuwa amesimama uchi mbele ya jogoo. Lakini kicheko ni kicheko, na Ndegwa alikisikia. Alijifunga taulo polepole huku akimtazama, na Wariara akajua kwamba hilo halitasahaulika.

Kule Dundori baridi haina adabu, na mtu asiye na maji moto asubuhi huenda kazini na jasho la jana. Kuni busta ni dude la chuma: chini unachoma kuni, maji yanazunguka tanuri yakipata moto, yanapanda kwenye tanki juu ya paa, kisha yanashuka bafuni. Hii moja ilihudumia nyumba mbili. Ya Ndegwa ilikuwa upande wa barabara. Ya Kang'ethe, mume wa Wariara, ilikuwa nyuma yake, mteremkoni. Mama yao, Shosho Immaculate, alikuwa na kijumba chake pembeni na alioga kokote alikopenda. Ndegwa alitoa kuni, Kang'ethe akapampu maji ya kisima. Ukiwauliza busta ni ya nani, walijibu "ni yetu," na jibu hilo ni tamu mpaka kitu kiharibike.

"Nani aliwasha moto kama wa kuchoma ng'ombe?" Kang'ethe aliuliza alipofika mbio kutoka zizini.

"Nani alileta maji ya tope yakaziba mabomba?" Ndegwa akamjibu, povu likimtiririka masikioni.

"Kuni ni zako."

"Maji ni yako."

"Ukuta wetu umetobolewa," akasema Joan, mke wa Ndegwa, akilinda lile tundu kwa mgongo wake. "Na kuna mtu hapa anaona ni vichekesho. Si ndio, Mama Natalie?"

Wariara alitua mkebe chini. "Pole, Mama Abby. Nilishtuka tu."

"Watu wakishtuka hulia."

Fundi Kibii aliitwa kutoka Njoro akaja kwa pikipiki, mtu mwembamba mwenye ovaroli iliyotobolewa na cheche za kuchomelea. Aliizunguka busta mara mbili, akapanda ngazi mpaka juu ya paa, akaingiza kidole kwenye bomba dogo lililochomoza juu ya tanki. Alishuka na gunzi la mahindi, limeiva kwa mvuke kama limepikwa.

"Maboss," akasema, "nani aliziba hapa?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Hii bomba ndiyo pua ya busta. Mvuke ukizidi unatokea hapa. Na huku chini kuna valvu haikubali maji irudi. Sasa ukimziba mtu pua na mdomo, atafanya nini? Si atapasuka?"

Ndegwa alilichukua lile gunzi mkononi mwa fundi, akaligeuza, kisha akamtupia Wariara usoni. Lilimpiga juu ya jicho. "Ndiyo maana ulicheka," akasema. "Ulikuwa unangojea."

Kang'ethe alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Mwaka uliopita alimng'oa mnunuzi wa viazi jino kwa sababu ya mzani. Sasa alimshika kaka yake ukosi wa shati alilokuwa amevaa upesi upesi, akamsukuma mpaka kisigino chake kikaingia kwenye makaa. Ndegwa akalia kwa uchungu na kumpiga kofi lililosikika hadi kwa majirani. Kibii akajitia katikati akiwa amebeba spana ya mabomba, akisema, "Wazee, wazee, mimi nililetwa kuangalia chuma."

Wakati huo wote Shosho Immaculate alikuwa kwenye kigoda chake akipukuchua mahindi. Hakuinua macho.

Fundi akataja bei yake: elfu kumi na nane, mlango mpya, valvu mpya, na risiti anaandika. "Aliyeziba alipe," akasema Ndegwa. "Aliyekuwa anaoga alipe," akasema Kang'ethe. Kila mmoja akaapa kwa jina la baba yao marehemu kwamba hatatoa hata shilingi, na kila mmoja akaingia kwake akafunga mlango. Kibii akabaki uchochoroni na pikipiki yake.

*

Jumapili baada ya kanisa, Mzee Jamleck, mwenyekiti wa nyumba kumi, alikuja kusuluhisha. Aliketi baina ya ndugu wawili, akanywa vikombe vitatu vya chai ya Joan, akasikiliza hadithi ya gunzi mara nne, na kila mara ilikuwa imenona zaidi. Mwisho Ndegwa alikuwa amechomwa mwili mzima, na Kang'ethe alikuwa amepigwa makofi sita. Joan akasema kuwa kwao hakuna anayelisha ng'ombe magunzi, kwa hivyo jawabu liko wazi. Wariara, jicho limevimba, akamwambia kwamba kwao pia hakuna anayekosa mahindi.

"Changeni nusu kwa nusu," Jamleck akashauri.

"Nilipie ujinga wa nani?" Ndegwa aliuliza.

"Nilipie makofi?" akauliza Kang'ethe.

Mzee akasema ameshindwa, akachukua kofia. Wariara ndiye aliyemsindikiza, maana hata katika ugomvi mgeni hatoki peke yake. Wakapita uchochoroni, kati ya ukuta wa Ndegwa na ua wa jirani, hatua nne hivi kwa upana. Busta ilikuwa imeegemea ukuta, mdomo wazi. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa maziwa ya Wariara barabarani kila asubuhi, na ndiyo iliyopitisha mkokoteni wa viazi wakati wa mavuno. Hakukuwa na nyingine. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na korongo tu.

Jamleck alisimama, akagonga busta kwa fimbo.

"Saveya anakuja Alhamisi kupiga bikoni za mpaka," akasema. "Hii mahali iko na shida, mama. Kwa ramani haijulikani ni ya nani. Marehemu alisema itakuwa yenu nyote, akaenda. Sasa saveya ataniuliza mimi, mzee, nani anatunza hapa? Na mimi sina njia ingine ya kujua. Yule ametengeneza hii kitu, yule ako na risiti, ndiye nitamtaja."

Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia mvua, akaenda zake. Kumbe maneno hayo hayo alikuwa amemwambia Ndegwa kabla ya chai. Mzee wa haki huwagawia watu wote viberiti sawasawa.

Wariara alimkuta mumewe akikamua. Akamweleza. Kang'ethe hakuacha kukamua.

"Jana nimeapa silipi," akasema.

"Jana ilikuwa busta. Leo ni njia."

"Ndegwa hawezi kutufungia. Ni ndugu yangu."

"Ndugu yako alinipiga na gunzi." Akachuchumaa mbele yake ili amwone lile jicho. "Baba Natalie, nisikize. Akipata hii mahali atajenga ukuta hadi kwa ua. Nitatoa maziwa wapi? Juu ya paa la Joan kama paka? Viazi tutapanda nazo korongo kwa mgongo? Natalie akishikwa na homa tutamtoa wapi?"

Maziwa yalilia ndani ya ndoo.

"Watu wanazungushiwa ukuta na wao wanakamua tu," Wariara akasema. "Mimi nimeolewa kwa boma ama nilikuja kupanga? Kama wewe ni mwanaume wa hapa, kesho toka uonekane."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Baadaye alijaribu kuyakumbuka kwa namna nyingine, nyororo zaidi, lakini hayakukubali. Alipoona mkono wa Kang'ethe umekaza juu ya chuchu ya ng'ombe hadi ng'ombe akarusha teke, alijua yamemwingia, na alifurahi. Kabla hata maziwa hayajachujwa, alitoa pesa za mbegu za viazi zilizokuwa kwenye simu yake akamtumia Kibii elfu kumi na nane zote.

*

Jumatatu Kibii alifika na mlango mpya umefungwa nyuma ya pikipiki. Alichomelea asubuhi nzima, akaweka valvu, akazibua pua ya busta na kuipulizia mpaka ikapiga mluzi. Saa sita akawasha moto wa kujaribu. Maji yakaanza kunguruma vizuri. Akanawa mikono, akatoa kitabu cha risiti mfukoni mwa ovaroli, akalamba kidole.

"Haya. Niandike jina gani?"

"Ndegwa," akasema Ndegwa, aliyekuwa amesimama na Joan tangu mluzi uanze.

"Kang'ethe," akasema Wariara.

Kibii aliwatazama. "Sasa hapo ndio nilitaka kuwauliza. Mimi nimepata pesa mara mbili. Nilijua mmechanga, lakini imekuja mzima mara mbili. Mmoja wenu nitamrudishia."

"Mrudishie yeye!" wakasema wote kwa pamoja.

Ungewaona Jumamosi, kila mtu na kiapo chake, usingeamini ni watu hao. Ndegwa akamsogelea fundi akimwonyesha meseji kwenye simu. Kang'ethe akatoka nyuma ya nyumba, shati limetolewa nje. Kibii akajaribu kuwasaidia, masikini, kwa akili ya mtu asiye na shamba la urithi.

"Wacha niandike tu 'familia,'" akasema.

"Familia haina title deed ya shamba," Ndegwa akamjibu, akamzaba kofi. Kofia ya Kibii ikaangukia kwenye majivu.

Joan akarukia kitabu cha risiti. Wariara akamkamata kitambaa cha kichwa, na nywele zilizokuwa ndani yake. Wakaanguka pamoja, mke wa mkubwa na mke wa mdogo, wanawake waliokuwa wameshika mimba pamoja na kulia misiba pamoja, wakagaragazana kwenye tope la maji moto, mmoja akimuuma mwenzake mkono, mwingine akimvuta sikio. Karatasi zilichanika. Abby, binti wa Ndegwa, alikuwa akilia dirishani.

Ndegwa alichukua panga kwenye rundo la kuni. Labda alitaka kutisha tu. Alilalaza ubapa wake, akamcharaza Wariara mgongoni akiwa bado chini. "Toka kwa uchochoro wangu, wewe mwanamke wa kucheka!" Akampiga tena. La pili lilipata mbavu, Wariara akaishiwa pumzi, akaona vumbi na buti za fundi tu.

Kang'ethe alichomoa tanurini chuma cha kuchochea moto. Ncha yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Pigo la kwanza liliangukia mkono wa Ndegwa, juu kidogo ya kifundo, na mfupa ukalia. Panga likaanguka. Wakati huo Wariara alifurahi. Tusimfiche. Alikuwa amelala chini na mbavu zinawaka, na moyo wake ulisema, mpige. Pigo la pili lilikuwa begani, likapasua shati na ngozi, na harufu ikatoka ambayo si ya kuni. Pigo la tatu lilimkuta Ndegwa amepiga magoti, amejikinga kichwa kwa ule mkono uliovunjika. Panga lilikuwa limeanguka tangu pigo la kwanza. La pili na la tatu hayakuwa na kazi.

"Baba Natalie, imetosha!" Wariara alipiga kelele. "Kang'ethe! Imetosha!"

Ilibidi Kibii amrukie kutoka nyuma na kumkumbatia mikono yote miwili. Kang'ethe akaachia chuma. Alimtazama kaka yake pale chini, kisha akatazama mikono yake kama mtu aliyeazimwa mikono na mwingine.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; lakini siku hiyo hakuna aliyekwenda kulima, kila mtu alitaka kuona. Shosho Immaculate alipita katikati yao na leso yake, akapiga magoti, akaanza kuufunga mkono wa mwanawe wa kwanza. Damu ilipita katikati ya vidole vyake vilivyopinda.

"Gunzi niliweka mimi," akasema.

Hakuna aliyegeuka.

"Maji yalikuwa yanadondokea kuku wangu. Na ni maji moto. Kwetu tulikuwa tunaenda kuni mlimani tukirudi jioni, tupate maji moto ya kikombe. Sasa niyaangalie yakimwagika hivi hivi? Nikapanda ngazi, nikaziba. Niliweka mimi, mnanisikia? Ni mimi."

Joan alikuwa akipigia gari simu. Ndegwa alikuwa akitapika. Kang'ethe alikuwa ameketi juu ya mawe akingoja polisi. Shosho alirudia tena, polepole, kama mtu anayesoma tangazo mbele ya duka lililofungwa.

*

Kibii alirudi Jumanne asubuhi, jicho moja limevimba kwa lile kofi. Hakuingia. Alimwita Wariara kwa ishara kutoka kwenye pikipiki, akamkabidhi karatasi iliyokunjwa.

"Mathe, mimi sitaki kesi. Nimeangalia simu. Pesa yako iliingia Jumapili jioni, ya Mzee Ndegwa iliingia Jumatatu asubuhi. Nimemrudishia. Aliyetuma kwanza ndiye ninamwandikia." Akawasha pikipiki. "Na msinipigie tena, hata ikilipuka."

Risiti ilikuwa na jina la Kang'ethe, na chini yake maneno, kutengeneza kuni busta, imelipwa yote. Wariara akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kifuani.

Saa nane Mzee Jamleck akaleta ujumbe kutoka kwa Ndegwa. Ndegwa alikuwa ametoka hospitalini mjini na plasta mpaka kwenye kiwiko, na polisi walikuwa wamempa P3, ile fomu ambayo daktari huijaza mtu akiumizwa. Daktari ameshaijaza. Akiirudisha kituoni, Kang'ethe anaenda kortini kujibu. Asipoirudisha, hakuna kesi, ni mambo ya nyumbani. Korti ilikuwa imewapa polisi ruhusa kumkalisha hadi Ijumaa.

"Na anataka nini ili asiirudishe?" Wariara aliuliza, ingawa alijua.

"Risiti," akasema Jamleck.

Alikwenda kituoni na chapati na chai kwenye thamosi. Kang'ethe aliletwa mpaka kwenye vyuma vya seli, hana viatu, hana mshipi, ndevu zimeanza kumea. Mtu huyo alikuwa na mabega yaliyobeba magunia mawili kwa mpigo. Sasa yalikuwa yameshuka. Alimeza chapati ya kwanza bila kutafuna.

"Mkono wake uko aje?" akauliza.

"Umevunjika mahali pawili."

Akafuta mdomo. "Sikujua nimempiga tatu. Nilijua ni moja." Kisha, "Wanataka nini?"

"Risiti. Njia iwe yake."

"Wape."

Wariara akamimina chai.

"Wape, Wariara." Alikuwa hajamwita jina lake tangu Natalie azaliwe, na sasa miaka ilikuwa tisa. "Tuko watu kumi na saba humu. Kuna mmoja anaongea na ukuta usiku kucha. Sina haja na njia. Tutapitia korongo. Nitoe hapa."

"Kula ya pili," akasema Wariara, na machozi yakamshuka, maana alimpenda. Alimpenda hata kwa huo mkono mwepesi, na alijua ni nani aliyeukaza mkono huo pale zizini.

*

Jumatano alasiri walikutana kwa Jamleck. Wazee watano, chai, na viti vya plastiki. Ndegwa aliketi na mkono wake juu ya mto, bega limefungwa bandeji, na bahasha kwenye magoti. Alikuwa amepungua uso. Wariara alipoingia alimwamkia, "Baba Abby, pole," na Ndegwa akaitikia kwa kichwa, maana mbele ya wazee adabu ni adabu.

Jamleck akasema damu imemwagika, na damu ina njia yake. Nyumba ya Kang'ethe itatoa mbuzi, na italipa hospitali.

"Mbuzi nitatoa," akasema Wariara. "Hospitali nitauza ndama, nilipe yote."

Wazee wakapumua. Mmoja akasema kweli huyu ni mwanamke.

"Na ile ingine," akasema Ndegwa. Akaitoa P3 kwenye bahasha, akainyoosha juu ya meza kwa mkono wake mzima. "Mimi si mtu mbaya. Huyo ni ndugu yangu, nimembeba mgongoni. Alete risiti, aseme mbele yenu hiyo mahali ni yangu, hii naichana sasa hivi. Jioni Kang'ethe analala kwake."

"Tutapitia wapi?" Wariara aliuliza.

"Korongo lilikuwako kabla ya nyinyi kuzaliwa. Nyanya yetu alipitia huko."

"Naye alikuwa na mkokoteni?"

Joan akasonya. "Bwana yako analala kwa saruji, wewe unaongea mkokoteni."

Wariara akakitoa kitambaa kifuani. Akakifungua juu ya meza. Zilikuwa karatasi mbili tu sasa, zikitazamana kama wachumba. Mkono wake ulikuwa juu ya ile ya Kibii. Mbavu zilimuuma kila akivuta pumzi.

"Akifungwa," akawauliza wazee, "ni miaka mingapi?"

Wakatazamana. "Korti ndiyo inajua," akasema Jamleck. "Aliendelea kupiga mtu ameanguka, na kuna mashahidi. Miaka mitatu. Wengine hupata mitano."

Alihesabu. Natalie atakuwa na kumi na minne. Atakuwa ameanza sekondari, akitoka mlangoni na sare yake, akipita pale, akifika barabarani na viatu visivyo na tope. Halafu akahesabu upande wa pili. Natalie na watoto wa Natalie wakiteremka korongoni na kupanda, milele, na kila mwaka ukuta wa Ndegwa ukiongezwa tofali. Hakuna hakimu wa kutoa hukumu hiyo ikaisha.

Shosho Immaculate alikuwa ameketi karibu na mlango, si kwenye kiti bali chini. "Mwanangu wa mwisho afungwe kwa ajili ya gunzi langu?" akasema. "Mama Natalie, mpe karatasi. Nakuomba mimi."

Wariara alikwenda akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Shosho, si gunzi. Ungetia gunzi au usingetia, tungefika hapa. Hawa watoto wako wamekuwa wakitafuta mahali pa kupigania, na wewe hukuwapatia hapo mahali. Ilikuwako. Na mimi nilisukuma. Mungu anajua nilisukuma."

Kisha akainuka, akaikunja risiti, akaifunga tena kwenye kitambaa.

"Kang'ethe atarudi," akasema. "Njia ikienda haitarudi. Baba Abby, peleka fomu yako."

Ndegwa alibaki ameduwaa. Alikuwa amekuja tayari kuchana; hata vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa karatasi. Hakuna aliyemfundisha la kufanya mtu akikataa bei ambayo hakuna mtu hukataa. "Wewe ni mwanamke wa aina gani?" Joan akapaza sauti, akasimama, kiti kikaanguka. "Wa aina gani wewe?" Alimrukia Wariara, akamparura shavu kabla wazee hawajamshika, na Wariara hakujikinga.

Jamleck alisema kwa sauti ya chini, akitazama chai yake, kwamba alikuwa ametoa neno lake kuhusu risiti na mzee hali matapishi yake. Alhamisi atamtaja Kang'ethe. Hakuna aliyempongeza.

*

Saveya alikuwa kijana wa haraka. Alipima, akamwuliza Jamleck, Jamleck akajibu, na bikoni ikapigwa nyundo kwenye kona ya ukuta wa Ndegwa. Ndegwa hakutoka. Dirishani pazia lilisogea mara moja. Asubuhi hiyo alikuwa ametuma fomu kituoni na mtu wa bodaboda.

Wariara alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, akaingia ndani, akafungua sanduku la nguo. Kisha akapita uchochoroni, hatua nne kwa upana, zote zake. Busta ilikuwa baridi. Hakuna aliyekuwa ameiwasha tangu Jumatatu, na Ndegwa, aliyekuwa na kuni, alikuwa akioga kwa sufuria kama watu wengine.

Kituoni walimleta Kang'ethe kwenye vyuma. Alikuwa amejipangusa uso na kuchana nywele kwa vidole. Alikuwa amejitayarisha kwenda nyumbani.

"Umewapa?" akauliza.

Wariara alipitisha mkono kati ya vyuma. Alikuwa amemletea sweta, ile nzito ya kijivu ya kukamulia alfajiri wakati wa barafu ya Julai. Ilikuwa ni mchana, na jua lilikuwa kali.

Kang'ethe aliitazama. Aliishika, akaipima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa mkono ambapo Wariara alikuwa ameshona upya asubuhi hiyo. Polisi aliyekuwa mezani akaacha kuandika.

"Ingekuwa ni wewe uko huku ndani," akasema mwishowe, "ningewapa hata nyumba."

"Najua," akasema Wariara.

Hakuondoka. Alisimama pale, mkono mmoja kwenye chuma, akingoja mpaka alipomwona ameivaa.